Usiondoke Bila Bahasha

Sauti iliingia kwenye simu usiku tumelala. Niliisikiliza asubuhi nikingoja chai ichemke. Aliyeituma ni Mrundi niliyefahamiana naye Kasulu, muuguzi aliyefanya kazi miaka kumi na mmoja katika zahanati ya kambi ya Mtabila. Sasa yuko Marekani, na usiku huo alikuwa ametoka zamu kwenye kiwanda cha kuku. Nyuma ya sauti yake nilisikia maji yakimwagika na makabati ya chuma yakibamizwa. "Mwalimu," aliniambia, "mimi hapa nakata mabawa. Bawa la kushoto tu. La kulia lina mtu wake."

Akanieleza chumba kilivyo baridi, glavu anazovaa mbili mbili, na vidole ambavyo asubuhi havikunjuki mpaka avitie kwenye maji ya moto. Hakuwa akilalamika. Mshahara ulikuwa ukiingia kila baada ya wiki mbili na watoto walikuwa wanasoma. Kilichomchoma ni kitu kingine. Wiki ile mwenzake alijikata kiganja, na yeye, aliyeshona majeraha ya watu kambini kwa zaidi ya miaka kumi, akaambiwa akae pembeni amsubiri mhusika. "Hawakukosea," alisema. "Hakuna karatasi inayosema mimi ni nani."

Makala hii naiandika kwa ajili ya watu wa aina yake: walioko kambi ya Nyarugusu wanaongoja jina lisomwe kwenye orodha ya kuhamia nchi ya tatu, waliorudi Burundi wakajikuta wageni kwao, na vijana wetu wa Kasulu na Kibondo wanaotafuta njia ya kwenda Uarabuni, Ulaya au Kanada. Nilifundisha Kasulu miaka mingi. Kiha, lugha yetu, na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na Kiingereza changu kilitosha kuandika barua, kwa hiyo watu wa kambini walikuwa wakija kwangu na fomu zao. Nilijaza nyingi. Baadhi yake, sasa najua, nilizijaza vibaya, na ndiyo sababu mojawapo ya kuandika haya.

Wasioikumbuka Mtabila niwakumbushe. Ilikuwa kambi ya Warundi kwenye nyanda za juu za Kasulu, iliyozaliwa na vita vya miaka ya 1990. Tarehe 1 Agosti 2012 hadhi ya ukimbizi ya watu takriban 38,000 waliokuwa pale ilikoma, na kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba mwaka huo zaidi ya 30,000 kati yao walirudishwa Burundi. Kambi ikafungwa. Leo pale ni kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), 825 KJ, na vijana wa Tanzania wanacheza kwata mahali ambapo watoto wa Kirundi walikuwa wanajifunza kusoma.

Sasa fikiria kilichotawanyika katika miezi ile miwili. Walimu, wauguzi, waashi, mafundi cherehani, watunza stoo, wagawaji wa mgao, wakalimani, watu waliotengeneza pampu za maji. Karibu wote walikuwa wakifanya kazi kwa posho ndogo tuliyoiita motisha, kwa kuwa mkimbizi hakuruhusiwa kuajiriwa kama raia wala kutoka zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali. Mkataba wa shirika ulipokwisha, ofisi ilifungwa, msimamizi akahamishiwa nchi nyingine, muhuri ukaenda naye. Muuguzi wangu alikuwa kati ya wachache waliobakizwa na kupelekwa Nyarugusu. Miaka kadhaa baadaye, alipoitwa kwenye usaili wa kuhamishiwa nchi ya tatu, alitaka barua ya kazi. Shirika lililomwajiri lilikuwa limekwisha kuondoka Kasulu, na hapakuwa na wa kuisaini. Diploma yake ya uuguzi, aliyoipata Burundi kabla ya vita, ilibaki kwenye nyumba iliyochomwa. Kwenye mfuko wake wa nailoni palikuwa na kadi ya mgao, vyeti vitatu vya semina za siku tatu tatu, na picha ya wafanyakazi wa zahanati wamesimama kwa mistari miwili.

Wachumi wamelichunguza kwa muda mrefu jambo hili la ujuzi wa nyumbani kutolipwa ugenini, na inafaa tujue walichokiona kabla hatujashauriana. Mwaka 1978 Mmarekani Barry Chiswick aliandika kwamba mhamiaji huanza kwa kipato kidogo kuliko mwenyeji mwenye shule sawa na yake, kisha hupanda, na baada ya miaka kama 13 humfikia. Mwaka 1985 George Borjas akampinga: makundi ya wahamiaji hayafanani, waliokuja nyuma si kama waliotangulia, kwa hiyo usimpime wa leo kwa wa zamani ukadhani atafika vilevile. Lakini anayetuhusu zaidi sisi ni Rachel Friedberg. Alichunguza wahamiaji walioingia Israeli, na utafiti wake ukatoka mwaka 2000. Aliona kwamba mwaka mmoja wa shule uliosomwa nje unalipwa kidogo kuliko mwaka mmoja uliosomwa ndani. Miaka ya kazi uliyoifanya kabla ya kuhama inalipwa karibu na sifuri. Kisha akaona jambo la tatu, ambalo ningependa kila mwenye kungoja safari alishike: anayesoma tena kidogo baada ya kufika, hata shule yake ya zamani huanza kulipwa vizuri zaidi.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho. Cheti kidogo cha kule kinafanya kazi kama ufunguo. Kinamwambia mwajiri kwamba huyu tumemjaribu kwa mizani yetu, na hapo ndipo anapoanza kuamini vile vingine ulivyokuja navyo.

Kwa nini uzoefu unalipwa sifuri? Watu wengi husema ni ubaguzi, na ubaguzi upo. Huko Kanada mtafiti Philip Oreopoulos alituma maelfu ya maombi ya kazi ya kutunga, akaona wenye majina ya Kiingereza wanaitwa kwenye usaili zaidi kuliko wenye majina ya Kichina, Kihindi au Kipakistani, hata pale ambapo wote wamesoma Kanada na kufanya kazi Kanada. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilisema mwaka 2013 kwamba mwajiri anayedai "uzoefu wa Kanada" pekee anaelekea kwenye ubaguzi. Ubaguzi huo upigwe vita. Lakini ukiuweka pembeni kwa muda, utakuta hasara mbili tofauti ambazo watu wetu huzichanganya.

Kuna ujuzi usiosomeka, na kuna ujuzi usiohitajika. Muuguzi wangu alijua kupima shinikizo la damu, kufunga kidonda, kumtuliza mgonjwa aliyechanganyikiwa, kuandika kumbukumbu za zamu. Hayo yanahitajika kila mahali duniani. Tatizo lilikuwa hayasomeki, hayana karatasi wala mtu wa kuyathibitisha. Alijua pia kusoma malaria kwenye darubini kwa kasi ya ajabu, akitumia mwanga wa jua kwenye kioo siku ambazo jenereta haikuwashwa. Huo ni ujuzi wa hali ya juu, na kule alikokwenda hauna mnunuzi. Hasara ya kwanza inatibika, na tiba yake inaanza kabla ya safari. Ya pili uilie siku moja, kisha uendelee. Nimeona watu wenye akili sana wakipoteza miaka mitano wakigombana na hasara ya pili huku ya kwanza wameiacha.

Sisi wa Buha, nchi ya Waha, jambo hili tungepaswa kulijua kuliko wengine. Babu zetu walikuwa manamba, vibarua wa mkataba mashambani. Mkonge wa Tanga uliwala kwa maelfu, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, ambayo ilichukua watu wengi kutoka Kasulu na Kibondo. Babu yangu mzaa mama alikuwa hodari wa ng'ombe. Watu walitoka mbali kumwita ndama anapokataa kutoka. Alipofika shambani alipewa kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi, sawasawa na kijana ambaye hajawahi kushika hata kamba. Hakuna aliyemuuliza anajua nini. Alirudi na blanketi, baiskeli na mgongo mbovu, na kwa maisha yake yote alizungumzia mkonge kama mtu anayezungumzia mahali alipopotezewa jina.

Basi, bahasha: karatasi za kukusanya kabla hujaondoka.

Jambo la kwanza ni jina. Hakikisha jina lako limeandikwa namna moja kwenye karatasi zote: cheti cha shule, kitambulisho, karatasi za UN, cheti cha ndoa. Kwetu huku r na l hubadilishana bila mtu kushtuka, na karani mmoja akiandika y, mwingine anaiacha. Kisha kuna tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi waliandikiwa 1 Januari kwa kuwa hapakuwa na cheti, na diploma yao ina tarehe nyingine. Mtathmini wa vyeti aliyeko New York hajui mazoea yetu. Anaona watu wawili. Sahihisha mapema, ukiwa bado karibu na ofisi iliyokosea, na ukishindwa kusahihisha pata hati ya kiapo inayosema majina haya mawili ni ya mtu mmoja.

La pili ni vyeti vyenyewe. Kama ulisoma Tanzania, matokeo yako yako kwa Baraza la Mitihani, NECTA, na Baraza lina utaratibu wa kuyathibitisha kwa chuo au mwajiri wa nje. Fuatilia utaratibu huo ukiwa hapa, maana ukiwa mbali kila hatua itahitaji ndugu wa kwenda ofisini kwa niaba yako. Kama ulisoma kambini kwa mtaala wa Burundi au wa Kongo, usiridhike na kujua kwamba ulifaulu. Nenda kachukue cheti. Kuna vijana Nyarugusu waliofanya mtihani wa serikali wa Kongo, wakasikia majina yao yakisomwa, wakashangilia, na mpaka leo hawana karatasi mkononi.

La tatu ndilo nililolikosea mimi. Watu walipokuja niwaandikie barua ya kazi ili msimamizi aisaini, niliandika kama tunavyoandika kwetu: fulani ni mtu mwema, mwaminifu, mchapakazi, ana ushirikiano mzuri na wenzake. Barua nzuri ya kanisani. Mwajiri wa nje hawezi kuitumia kwa lolote. Barua inayofaa inasema alianza kazi mwezi gani na kuacha mwezi gani, saa ngapi kwa siku, siku ngapi kwa wiki. Inasema alihudumia wagonjwa wangapi kwa zamu, alitumia vifaa gani, alisimamia watu wangapi, alifundishwa nini na nani. Mwalimu aeleze somo, darasa, idadi ya wanafunzi na lugha ya kufundishia. Mtunza stoo aeleze alipokea tani ngapi za unga na mafuta kwa mwezi, na kama alitumia daftari au kompyuta. Mwisho iwe na jina la anayesaini, cheo chake, na anwani ya barua pepe yake binafsi, kwa sababu ile ya shirika itakufa siku mkataba unapokwisha. Usiogope kwamba ulilipwa motisha badala ya mshahara. Kazi ni kazi; barua itaje saa na majukumu.

Omba barua hiyo kila mwaka, hata kama huna safari. Aliyesubiri siku ya kuondoka ndiye aliyekuta mlango umefungwa Mtabila. Kambi zinafungwa: Lugufu ilifungwa 2009, Mtabila 2012, Mtendeli 2021. Ofisi iliyopo leo haina ahadi na kesho yako.

Fundi wa mkono, usidhani bahasha si yako. Piga picha ya kazi zako: mlango kabla haujapakwa rangi, kiungo cha mbao kwa karibu, gauni likiwa limepinduliwa mishono ionekane. Andika tarehe na muda uliotumia. Kwa Mtanzania, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa; fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anapimwa anachojua na kupewa cheti. Nimemwona mwashi wa Kasulu, mtu mzima wa miaka hamsini, akipita kwenye utaratibu huo. Alitoka na cheti chake amekikunja ndani ya Biblia, na tangu siku hiyo hata bei aliyotaja kwa wateja wa hapahapa ilibadilika.

Ukishakusanya, piga kila karatasi picha mchana, mahali penye mwanga, pembe zote nne zionekane. Zitume kwenye barua pepe yako, kisha kwa watu wawili unaowaamini wanaoishi mbalimbali. Karatasi halisi zibebe mkononi. Ule mfuko wa plastiki wenye herufi za IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, unaopewa siku ya safari una karatasi za usafiri na za afya. Historia yako ya kazi haimo humo, na hakuna ofisa atakayekuwekea. Diploma za Kifaransa usizitafsiri mwenyewe, hata ukijua Kifaransa kama Molière. Kule hutakiwa mtafsiri anayekubalika, na tafsiri ya mkono wako inaweza kutiliwa shaka mpaka ichafue hata diploma ya kweli.

Aliyepoteza kila kitu naye asikate tamaa. Baraza la Ulaya lilianza mwaka 2017 kutoa pasipoti ya sifa kwa wakimbizi: unahojiwa kwa kina na watu wanaolijua somo lako, kisha wanaandika walichokiamini. UNESCO ikaanza majaribio ya namna hiyo Zambia mwaka 2019. Ujerumani, tangu sheria yake ya mwaka 2012, inamruhusu asiye na karatasi aoneshe kazi kwa mikono mbele ya wapimaji. Marekani haina ofisi moja ya taifa. Tathmini hufanywa na taasisi binafsi kama WES, iliyoanzishwa 1974, na zinapenda karatasi. Kanada ilianza mwaka 2018 kujaribu kuwapokea wakimbizi wenye ujuzi, baadhi yao kutoka kambi za Kenya, kama wahamiaji wa kazi. Wanaofuata njia kama hiyo huulizwa kazi waliyofanya, na aliyejiandaa hujibu akiwa ameshika kitu.

Ulimi ndio unaofuata, na hapa nina neno la furaha. Uzoefu mmoja wa kambini unavuka mpaka ukiwa karibu mzima: ukalimani. Marekani, hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumpatia mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani, na watu wetu wameenea huko kiasi kwamba Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda vinaitwa kila siku. Ili kufanya mtihani wa taifa wa wakalimani wa hospitali unatakiwa uwe na mafunzo yasiyopungua saa 40. Aliyekaa miaka sita zahanati ya kambi ya Nduta akiwatafsiria madaktari anayo tayari sehemu ngumu zaidi: anajua mama anaposema "tumbo linanichoma" anamaanisha wapi. Kinachobaki ni istilahi za Kiingereza na nidhamu ya kutoongeza wala kupunguza neno. Kama ulikuwa mkalimani wa kambi, liandike hilo kwenye fomu kama kazi. Mimi niliwaandikia wengi "anajua lugha nne" kwenye kona ya chini, kana kwamba ni starehe.

Na Kiingereza chenyewe jifunze sasa, kambini, kijijini, popote. Mtafiti Kalena Cortes alilinganisha wakimbizi na wahamiaji wa kazi walioingia Marekani kati ya 1975 na 1980. Mwanzoni wakimbizi walikuwa wanapata asilimia 6 pungufu. Kufikia 1990 walikuwa wanapata asilimia 20 zaidi, na Kiingereza chao kilikuwa kimepanda kuliko cha wenzao. Maelezo yake yananigusa kila nikiyafikiria: mkimbizi hana pa kurudi, kwa hiyo anaizamia nchi mpya kwa nguvu zake zote. Wale walikuwa na asili nyingine na zama nyingine, na Borjas angetukumbusha tusiwapime watu wa Nyarugusu kwa kipimo chao. Hata hivyo ni ushahidi kwamba anayeanza nyuma hakuhukumiwa kubaki nyuma.

Ukishafika, utabeba boksi. Kubali. Kodi haingoji, na nauli ya ndege iliyolipwa kupitia IOM ni mkopo, hauna riba lakini unarudishwa. Kiwanda, hoteli, ghala, usafi wa maofisi: hakuna aibu yoyote hapo, na anayekucheka kutoka Kasulu ndiye wa kwanza kukuomba utume hela. Ninachokuomba ni kuipa kazi ile tarehe ya mwisho. Iandike ukutani. Nimemwona kijana mwenye nguvu akipenda saa za ziada, gari likanunuliwa, simu kubwa, harusi ya mdogo wake huko kwao Makere ikafana, na baada ya miaka sita yuko kwenye mstari uleule wa mabawa huku kiwiko kimeanza kumuuma. Chagua zamu kwa kuangalia ratiba ya darasa. Zamu ya usiku yenye nyongeza ya dola moja inaweza kukugharimu shule nzima.

Kisha tafuta kile cheti kidogo. Muuguzi wangu tulizungumza naye wiki nyingi. Alikuwa anaota kurudishiwa uuguzi wake wote kwa mkupuo, na kila alipouliza aliambiwa mitihani, tafsiri, miaka. Nilimsihi aanze na ngazi ya chini kabisa, msaidizi wa wauguzi katika nyumba za wazee, ambayo kwa sheria ya serikali kuu mafunzo yake ni saa zisizopungua 75. Aliona ni kushushwa. Mkewe ndiye aliyemwambia: "Baba, huko utashika wagonjwa. Hapa unashika kuku." Akaenda. Siku ya mtihani wa vitendo alipima shinikizo la damu, mkaguzi akamtazama, akamwambia arudie, akarudia namba ileile, akaulizwa alijifunzia wapi. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke Tanzania alitamka neno Mtabila mbele ya mtu aliyetaka kulisikia. Mshahara wake haukupanda sana. Awali ulikuwa karibu sawa na wa kiwandani. Lakini kule kuna ngazi juu yake, na msimamizi wa pale sasa anamwandikia barua za kumsukuma kwenye chuo. Kiwandani palikuwa na bawa la kushoto tu.

Uarabuni ni habari nyingine, na nitaisema kwa ufupi. Katika kazi za nyumbani Oman au Dubai cheti chako hakisomwi kabisa. Kinachoamua mshahara ni uraia wako, na makubaliano ambayo nchi yako imeyasimamia. Wafilipino walipata kima cha chini cha dola 400 kwa mwezi kwa sababu serikali yao ilikidai mwishoni mwa 2006. Kwa hiyo dada yangu unayekwenda huko na kidato cha nne chako, usitarajie kilipwe. Pita kwa wakala anayetambuliwa na TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, acha nakala ya mkataba nyumbani, na panga mapema utarudi na mtaji wa nini.

Na wewe uliyezaliwa Kasulu ukarudishwa Burundi, nchi ya pasipoti yako inaweza kuwa ugenini kwako. Shule za kambi zilifuata mtaala wa Burundi ili kurudi kuwe rahisi, lakini mtoto wa kambi alicheza kwa Kiswahili, na ofisi za Bujumbura zimezoea Kifaransa. Usikitupe Kiswahili chako. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiingereza kikawa lugha rasmi mwaka 2014, na mzigo unaoshuka kutoka Dar es Salaam unaongea Kiswahili njia nzima. Mtu wa Kasulu anayejua kujaza fomu ya forodha kwa lugha tatu ana kitu cha kuuza pale Manyovu, pande zote mbili za mpaka.

Mlango wa Marekani kwa wakimbizi umebanwa tangu Januari 2025, na wengi Nyarugusu wamekata tamaa ya kuitwa. Najua mnaulizana bahasha ya nini kama safari yenyewe haipo. Nawajibu kwamba wa Mtabila nao hawakuwa na tarehe. Walioitwa ghafla waliondoka na walichokuwa nacho siku ile, waliorudishwa vilevile, na barua ya miaka kumi ya kazi ina faida Bujumbura, Kigoma mjini na Toronto.

Kwa hiyo wiki hii fanya jambo moja. Yupo mwalimu aliyekufundisha, au msimamizi uliyefanya kazi chini yake, ambaye bado yu hai na bado ana simu. Mpigie. Msalimie kwanza, muulize hali ya watoto, kisha mwombe akuandikie miaka, saa na kazi uliyofanya, na asaini kwa jina lake kamili.